Ubinafsi wetu nao huenda mnadani

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mkristo afanye nini ili aushinde ubinafsi?", nimelisoma nikisubiri kikao cha kamati ya ujenzi, na kwa kuwa vikao vyetu havijui saa, nimepata muda wa kutosha wa kukasirika. Najua wengi watajibu: sali, funga, soma Neno, jinyenyekeze. Sipingi hata moja. Mimi nauliza lingine: hivi kanisa lenyewe linatusaidia kuushinda huo ubinafsi, au linaulisha ukanenepa?

Nasema hivi kwa sababu ya mnada. Msharika yeyote wa Kilutheri huku Bukoba anaujua. Ibada ikiisha watu hawaondoki. Mayai, jogoo, mkungu wa ndizi, muwa, chochote kilicholetwa madhabahuni na asiye na noti kinanadiwa nje, na mwenye noti anakigeuza kuwa fedha ya kanisa. Nia yake nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba shetani naye huwa ameshawahi kiti cha mbele.

Nilikuwa bado kwaya ya vijana. Ilikuwa Majilio, msimu wa senene, wale panzi tunaowala, na wenyeji wanaoishi Dar walikuwa wameanza kurudi kula Krismasi, magari yao yamejaa vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Bibi mmoja mjane alileta kisado cha senene. Wasiotoka kwetu hawaelewi uzito wake: kuamka kabla jua halijapanda, kuwaokota kwenye majani yenye umande, kisha kukaa kutwa unanyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja. Alikiweka mezani akarudi kusimama nyuma, kule wanakosimama wajane.

Mwinjilisti alianza na elfu ishirini. Mwenye maduka Kariakoo akasema thelathini. Mwenye cheo serikalini akasema hamsini. Basi, pale pale tukajua hatutakula mchana mapema. Mwinjilisti yule alikuwa na ulimi, akamgeukia huyu, "Baba, unamwachia mwenzako?", akamgeukia yule, "Mama mzazi yupo hapa anakutazama!" Mwenye cheo akashinda kwa laki na nusu, akatangaza, "Nakirudisha, kiuzwe tena." Vigelegele. Mwenye maduka akanunua mara ya pili kwa bei ya juu zaidi, naye akakirudisha. Vigelegele zaidi. Mara ya tatu kilifika laki nne, na mwenye maduka akasema anamzawadia mchungaji. Tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Mwenye cheo aliomba laki na nusu yake iandikwe kama ahadi. Ahadi hiyo ilisomwa kwenye matangazo hadi baada ya Pasaka.

Hakuna aliyemtaja bibi.

Watu walipoanza kutawanyika, alikuja mezani akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba senene ametoa, kisado hajatoa, na nyumbani hana kingine. Wazee wa kanisa wakatazamana. Mchungaji alikuwa ameshaingia ofisini kuhesabu. Aliyeondoka kwenda mgombani ni yule mwenye maduka, na suti yake. Akarudi na jani, akalipitisha kwenye moto wa akina mama waliokuwa wakichemsha chai ili lilainike, akapiga magoti kwenye majani na kuanza kuwahamisha wale senene pamoja na bibi. Alijua kufunga kwa jani, vizuri kuliko mimi. Walizungumza Kihaya kwa muda mrefu. Sikusikia walichosema, na kwa kweli haikunihusu.

Kwa miaka mingi nimelisimulia tukio hili kama ushahidi dhidi ya mnada. Nilikuwa namalizia kwa Mathayo 6: utoapo sadaka, usipige panda, yaani tarumbeta, mbele yako. Leo, nikiandika, sioni tena kama linathibitisha hivyo. Aliyepiga panda na aliyepiga magoti ni mtu yule yule, na kati ya hayo mawili haikupita hata saa moja. Nani kati yetu ana kipimo cha kusema yupi ndiye yeye hasa?

Halafu kuna Marko 12. Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina akawa anatazama watu wanavyotia. Anatazama! Hakusema kila mtu atoe gizani. Mjane wa senti mbili aliingia kwenye Injili kwa sababu alionekana. Tofauti ni kwamba huenda hakujua anatazamwa, na aliyemwona hakuwa na kipaza sauti. (Mistari inayotangulia inawataja wale wanaokula nyumba za wajane, ila hiyo tunairukaga kwenye mahubiri ya mavuno.)

Wazee wetu wa uamsho wa kiroho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda hadi huku, walijaribu njia nyingine. Mtu alisimama mbele ya ndugu akaungama alichoiba, kesho yake akakirudisha. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika uamsho huo. Baba yangu mkubwa naye alikuwemo, na ndiye aliyeniambia kwamba hata kuungama kuligeuka mashindano kwa baadhi yao, nani alikuwa mwenye dhambi kubwa zaidi. Kwa hiyo sidhani kama kuna mpango wa kanisa ambao ubinafsi hautajifunza kuuimba.

Basi jibu langu, tofauti na nilivyoanza: mnada ubaki. Nalisema hili nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi yenye nyumba ya mwinjilisti isiyo na bati, mnipime kwa hilo. Ila anayenadi amtaje kwanza aliyeleta, kwa jina, kabla ya bei yoyote. Ahadi zisisomwe hadharani. Mtunza hazina ana simu. Na mali isirudishwe mezani zaidi ya mara moja, ingawa najua Desemba ikifika, kukiwa na laki nne hewani, mimi mwenyewe sitanyoosha mkono kuzuia.

Je, hayo yatamtoa mtu kwenye ubinafsi? Hapana. Yatampunguzia kelele, labda. Kuhusu wasio na cha kuleta wala cha kununulia, wanaoondoka kimyakimya mnada unapoanza, waulizeni wao wiki ijayo.