Kuwasha Bullet kwa Kiki: Nasaha kwa Wanaoanza

Kijana aliyejifunzia pikipiki kwenye bodaboda ya cc 125 au 150 huijia Royal Enfield Bullet akiwa na mazoea yasiyomfaa. Kule alizoea kukanyaga kiki bila kujali pistoni imesimama wapi, na injini ikaitika. Bullet ya zamani, ile iliyoanza kuunganishwa Madras, India, mwaka 1955 kwa vipuri vilivyotoka Redditch, Uingereza, ina silinda moja ya cc 346, na ndugu yake mkubwa ana cc 499. Pistoni zao husafiri milimita 90 kila zinapopanda au kushuka, na flaiwili zao, yaani magurudumu ya ndani ya injini yanayotunza mwendo, ni nzito. Ukizikanyaga kwa pupa, utachoka wewe kwanza. Nimeona mabaunsa wakihema kando ya mashine ambayo baadaye iliwashwa na mzee mwembamba kwa teke moja, kwa sababu mzee alijua pistoni iko wapi kabla hajainua mguu.

Injini hii ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni inapopanda huku valvu zote mbili zimefungwa, hewa na petroli hubanwa, na mguu wako hukutana na ukinzani mkubwa, yaani kompresheni. Anayeanza kupiga kiki papo hapo humaliza nguvu zake zote akipambana na ukinzani huo, na flaiwili haipati kasi hata kidogo. Pistoni ikianza safari ikiwa imevuka kidogo kilele cha kompresheni, mambo hubadilika: teke lote hutumika kuizungusha flaiwili katika hatua ambazo hazina upinzani mkubwa, na kompresheni inayofuata inapowadia, flaiwili inakuwa na kasi ya kutosha kuivusha pistoni.

Kwa hiyo anza hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, hakikisha gia iko huru, na kabla ya kufungua swichi bana klachi kisha ukanyage kiki mara chache, kwa kuwa sahani za klachi zilizolala usiku kucha hushikana. Fungua koki ya petroli, na kama injini ni baridi vuta choki. Sasa fungua swichi na uitazame amita, kipimo cha mkondo wa umeme kilicho karibu na taa ya mbele, kwani hiyo ndiyo itakayokuonyesha pistoni ilipo. Kanyaga kiki polepole sana kwa uzito wa mwili. Pointi, vibati viwili ambavyo vikiachana cheche hutokea, zikiwa zimefungana, sindano ya amita huelekea upande wa kupungua kwa umeme. Endelea mpaka kiki igome, kisha bana kishikio kidogo cha dekompresa (kifaa cha kuachia kompresheni) kilicho upande wa kushoto wa usukani na uisukume kiki kidogo tu, mpaka sindano irudi katikati. Pointi zimeachana, na pistoni imekwisha kuvuka. Achia dekompresa, iache kiki ipande hadi juu, kisha uikanyage moja kwa moja hadi mwisho. Teke liwe refu, wala lisiwe la hasira.

Wakati wa teke hilo mkono wa kulia utulie. Wengi huzungusha kishikio cha mafuta mara kadhaa kabla ya kupiga kiki wakidhani wanaipa injini petroli, lakini kabureta ya Bullet haina pampu ya kurusha mafuta. Injini ikiwa imesimama, kuzungusha huko hakuleti chochote. Mbaya zaidi ni kulifungua koo la kabureta wazi kabisa wakati wa teke, kwa sababu mvuto wa hewa hudhoofika na choki haifanyi kazi yake.

Kuhusu kiki kurudi nyuma, nasisitiza kwa sababu watu wamevunjika vifundo vya miguu. Cheche hutangulia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa. Teke likiwa legelege, au taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikiwa imewahi mno, mlipuko huirudisha pistoni chini na kiki hukupiga. Vaa buti gumu, kanyaga kwa katikati ya unyayo, na usikaze goti likanyooka kabisa. Katika BSA M20 ya cc 496, ambayo jeshi la Uingereza liliitumia sana katika Vita vya Pili vya Dunia, kuna kijiti cha kuchelewesha cheche kwenye usukani. Kicheleweshe kabla ya kupiga kiki na ukirudishe mbele injini ikishawaka. Wajapani nao walilijua tatizo hili: Yamaha SR500 ya mwaka 1978 iliwekewa kidirisha kwenye kichwa cha injini, na alama ikionekana hapo, pistoni iko tayari.

Injini ikigoma baada ya mateke manne au matano, acha. Mara nyingi imelowa petroli. Zima swichi, rudisha choki, zungusha kishikio cha mafuta hadi mwisho, bana dekompresa na ukanyage kiki mara kadhaa ili hewa isafishe silinda, kisha uanze upya bila choki. Injini iliyosimama ingali moto nayo haihitaji choki, na hapa ndipo wageni wengi huilowesha wenyewe.

Ikiendelea kugoma, toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa, ikaushe; ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na koki au jeti (tundu dogo la kupitishia petroli) ya kabureta ndiyo ya kukaguliwa. Ikiwa petroli inafika lakini cheche ni dhaifu na ya rangi ya chungwa, fungua kifuniko cha pointi, zisafishe, na upime mwanya wake kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi: uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40 zinapokuwa zimeachana kabisa. Ukibadilisha mwanya huo, taimingi nayo husogea, hivyo uipime tena kabla ya kuweka mguu kwenye kiki.