Mtu wa mawasiliano aingie kabla majaribio hayajaanza

Nimefanya mawasiliano kwenye timu za ubunifu za mashirika ya misaada, zile zinazobuni vifaa na huduma mpya na kuzijaribu, kwa miaka mingi, makao yangu yakiwa Nairobi na kazi ikinipeleka Turkana kila mara. Wenzangu wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie wapi, na wengi wao tayari wana video kichwani. Nawaambia video isubiri. Omba uingie kwenye vikao vya timu wakati kifaa bado ni mchoro ubaoni, kwa sababu ukiitwa baada ya kifaa kufika kwa watu, utabaki na kazi ya kupamba tu.

Angalia yaliyozipata pampu za PlayPump zilizotokea Afrika Kusini. Watoto wanazungusha bembea ya duara, maji yanapanda kwenye tangi, na kwenye tangi kuna mabango ya matangazo. Picha yake haikuhitaji maelezo. Mwaka 2006 Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alitangaza msaada wa dola milioni 16.4 ili zisambazwe. Vijijini, Msumbiji ikiwemo, ikaonekana kwamba watoto hawachezi kila saa maji yanapohitajika, na kina mama watu wazima ndio waliobaki kuzungusha bembea kwa mikono. Kuna mahali ambapo pampu za mkono zilizozoeleka zilikuwa zimeng'olewa kuzipisha PlayPump. Wale watoto waliocheka pichani walikuwa wanacheka kweli. Lakini nani anateka maji alfajiri, watoto wakiwa wamelala? Hilo ni swali letu sisi wa mawasiliano, maana ndio tunaolipwa kumweleza mtu jambo mpaka alielewe. Maelezo yakigoma, aghalabu kuna tundu kwenye kifaa chenyewe.

Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana, watu hawashangazwi na teknolojia. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa sehemu ya msaada wa chakula kwa njia ya simu, kwa mpango wa Bamba Chakula. Kwa hiyo ukienda na jambo jipya utaulizwa maswali ya watu wazoefu. Laini ikipotea, nani anairudisha? Simu akiishika mume, je? Nikihamia Kalobeyei, makazi ya jirani? Pesa isipoingia nimwone nani? Yaandike kama yalivyosemwa, uyapeleke kwa wahandisi bila kuyalainisha. Mara nyingi nimeona kinachobadilika baada ya hapo ni kifaa, wala si tangazo.

Na hilo tangazo lenyewe lina kazi. Rasimu ya ofisini huja hivi: "Mfumo bunifu wa kidijitali utakaowawezesha wanufaika kupata huduma kwa ufanisi." Tulichokuja kubandika mahali pa mgao wa chakula kilisema: "Haya ni majaribio. Yanaanza Machi, yanaisha Juni. Ukikataa kushiriki, mgao wako haupungui. Laini ikipotea, njoo na kadi yako kwenye dawati la malalamiko." Sentensi ya tatu ndiyo iliyochukua muda kuliko zote. Haikuwa ngumu kuiandika. Ilibidi mkuu wa mpango akubali kwamba ni ahadi, na makarani wa mgao waijue kabla ya mtu wa kwanza kufika dirishani. Kisha ikasomwa kwa spika kwa Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kirundi na Kiturkana, kwa sababu si kila mtu husoma kilichobandikwa.

Kwenye taarifa binafsi za watu usikubali haraka kabisa. Katika kambi ya Azraq huko Jordan, wakimbizi walikuwa wakilipia bidhaa dukani kwa kupimwa mboni ya jicho, na mwaka 2017 malipo hayo yaliunganishwa na mfumo wa blokcheni, yaani daftari la kidijitali la kumbukumbu za malipo. Waandishi wa habari huuliza habari za blokcheni. Mwenye jicho anataka kujua picha ya jicho lake inakwenda wapi, nani anaiona na itafutwa lini. Kwa Kenya una Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumikaje. Isome mwenyewe, usimwachie mwanasheria peke yake. Ridhaa ya picha nayo ni hivyohivyo: mtu aliyepanga foleni ya chakula hayuko huru sana kukukatalia, kwa hiyo mwombe siku nyingine, kwake.

Linalonigusa kuliko yote ni namna majaribio yanavyoisha. Mfadhili hupata ripoti yenye kurasa nyingi, na mama aliyejibu maswali yetu asubuhi nzima anakuta kioski cha majaribio kimefungwa kufuli. Rudini mkawaambie watu nini kimefaa, nini hakikufaa na taarifa zao zimekwenda wapi, na waambiwe kabla ya mfadhili. Kwenye andiko la mradi safari hiyo ipewe mstari wake wa bajeti: nauli, wakalimani, spika, na siku za kutosha kusikiliza. Ikiwekwa chini ya "mengineyo," ndiyo hukatwa kwanza.