Toa kwanza vitu vya wakubwa: namna ya kupanga barza ya watoto

Ukiingia kwenye nyumba nyingi za Lubumbashi na kuuliza watoto wanachezea wapi, utaonyeshwa barza iliyozungushiwa vyuma, au kile chumba cha uani ambacho Wabelgiji walimjengea mfanyakazi wao na sisi mpaka leo tunakiita boyeri, au kona ya sebuleni nyuma ya kiti kirefu. Sasa tazama kilichojaa humo. Gunia la unga wa mahindi. Televisheni iliyoungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Valizi ya shemeji aliyekwenda kutafuta kazi Kolwezi akasema ataifuata. Jenereta inayongoja kipuri. Mbabula ya pili, lile jiko la mkaa. Vitu vya watoto vimebanwa katikati ya hayo yote, halafu jioni mama anapiga kelele kwamba watoto wa siku hizi hawajui kupanga.

Mimi nina wanne. Mkubwa yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi, mdogo ndiyo kwanza anatembea, na barza yetu hapa Kampemba si pana. Shauri langu la kwanza kwa anayetaka kuisafisha sehemu ya watoto ni hili: usiguse hata mdoli mmoja kabla hujatoa vitu vya wakubwa. Ukianza na vya watoto utatupa vigari vitatu, utajisikia umefanya kazi kubwa, na barza itabaki ile ile kwa sababu jenereta bado iko pale.

Kila kitu cha mkubwa kina mwenyewe, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Valizi ya shemeji huwezi kuifungua wala kuitoa nje. Mpigie simu, mwambie inahamia juu ya kabati la chumbani, na kama kuna kitu cha kuharibika aseme sasa. Televisheni mwite fundi aitazame mara moja. Akisema haifai, muuzie kwa ajili ya vipuri siku hiyo hiyo, maana ukimwambia baba watoto kwamba utaiuza "wiki ijayo", atakumbuka ghafla kwamba anaipenda. Unga urudi jikoni, juu ya mbao, mbali na ukuta. Makala (mkaa) na mafuta ya jenereta hayana nafasi kabisa mahali ambapo mtoto anatambaa. Hilo halina mjadala nyumbani kwangu.

Chagua wakati. Kazi hii ni ya kiangazi, Julai au Agosti, shule zikiwa zimefunga na mvua iko mbali. Unaweza kutandika mikeka uani, ukamwaga kila kitu juani na kukiacha hapo mpaka jioni bila kukimbizana na wingu. Ukingoja Novemba utapanga huku unarudisha vitu ndani mbio, na vile vya nguo vitaingia na unyevu. Asubuhi za Julai ni baridi, kwa hiyo usianze mapema. Jua likishapasha uwanja ndiyo watoto nao wanakuwa na moyo wa kazi.

Wawepo wenyewe. Najua wako wazazi wanaosubiri watoto walale ndipo watupe. Mtoto hasahau, atakiulizia kile kitu wakati mgeni amekaa sebuleni. Anayepaswa kuondoka siku hiyo ni yule mdogo kabisa, apelekwe kwa jirani, kwa sababu vitu vyote vikiwa chini ndipo anapookota kile ambacho hukukiona.

Hapa nataka nikae kidogo. Tukipanga, wengi wetu tunaangalia uzuri na uzima wa kitu, lakini macho yaanze kwenye hatari. Vitu vingi vya kuchezea tunavyonunua sokoni, vinavyowaka taa na kuimba, vina betri ndogo bapa za duara, zile za kwenye saa na rimoti. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa 2 hivi, hata kama ni betri iliyokwisha nguvu. Basi geuza kila kitu kinachoimba, tazama mfuniko wa betri. Kama haufungwi kwa skrubu, toa betri na kitu kiendelee kuwa bubu. (Binafsi sikuona hasara: ile simu ya plastiki iliyokuwa ikipiga muziki alfajiri sasa imenyamaza.) Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, nenda hospitali moja kwa moja na uwaambie ni betri. Kwa vitu vingine vidogo, chukua kile kigogo cha karatasi kinachobaki karatasi ya choo ikiisha. Kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3: golori, kofia za kalamu, magurudumu yaliyong'oka. Vipande vya baluni iliyopasuka tupa papo hapo, usisubiri mwisho wa kazi.

Baada ya hapo ndiyo mnapanga mafungu: kinachochezewa, kinachoweza kutengenezwa, kinachoondoka. Usifungue fungu la nne la "tutaona". Nimeliona kwa dada yangu. Lilirudi barzani lote.

Zawadi za ndugu ndizo zinazokwamisha. Tantini ameleta mdoli kutoka Lusaka, mdoli ukawekwa juu ya kabati ndani ya plastiki yake "usije ukaharibika", na mtoto anautazama tangu Bonané (Mwaka Mpya) ya mwaka juzi. Kwa maoni yangu, mdoli huo ama ushuke uchezewe ama utambuliwe kuwa ni pambo la mama, uende sebuleni kwenye mapambo. Na vile ambavyo mtoto ameshavichoka, unaogopa kuvitoa kwa sababu mwenye kuleta atapita na kuuliza, "Kile kigari changu kiko wapi?" Kwetu tumekubaliana hivi: zawadi inakaa mpaka aliyeileta apite nyumbani, aone inachezewa, ashukuriwe tena. Kuanzia hapo mtoto ana ruhusa ya kuigawa, na akiulizwa anajibu mwenyewe kwamba amempa fulani. Hakuna mjomba aliyekasirika kusikia mtoto amegawa.

Mnapogawa, iwe parokiani au kwa majirani, osheni kwanza na mgawe kizima. Gari lisilo na magurudumu ukimpa mtoto wa mwenzio umemhamishia takataka zako tu.

Kuna jambo moja ambalo akina baba hasa wanalikosea. Wakiona gari la waya, lile watoto wanalolikunja wenyewe kwa nyaya za kuokota, na usukani mrefu wa kulisukuma huku umesimama, magurudumu yamekatwa kwenye malapa mazee, wanaona uchafu. Gari la plastiki la dukani lenye mlango uliovunjika wanaliona mali. Kwa watoto ni kinyume. Kitu alichokitengeneza mtoto mwenyewe kiamuliwe mwisho, na aamue aliyekitengeneza. Kazi yako ni kuchukua koleo na kukunja ndani ncha zote za waya zisichome jicho la mwenzake, kisha kupigilia misumari juu ukutani ili magari hayo yaning'inizwe.

Vinavyobaki bado vitakuwa vingi, na hapo watu wananishangaa nikisema visiwekwe vyote nje. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, kule Ohio, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wadogo 36 waliowaangalia wakicheza, mara moja wakiwa na vitu 4, mara nyingine wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vichache walikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Watoto 36 si wengi, lakini jaribu nyumbani kwako uone. Mimi naacha barzani sehemu ndogo tu. Vilivyobaki naviweka kwenye magunia ya mchele yaliyofuliwa, yanatundikwa juu boyerini. Watoto wakianza kugombana bila sababu najua zamu ya gunia imefika: moja linashuka, jingine linapanda, na vitu vile vile walivyovidharau vinapokelewa kama vimenunuliwa leo. Gunia moja ni la wageni. Binamu wakija Jumapili ndilo linalofunguliwa, ili vitu vya kila mtoto visiwe chanzo cha kilio mbele ya shangazi.

Sasa vyombo. Katoni usiweke chini, hata siku moja. Nchi yetu ya vichuguu hii, mchwa wanapanda kupitia ufa wa sakafu na kuila katoni kwa chini. Juu unaona sanduku zima, ukiinua, vitabu vya watoto vinabaki mkononi mwako nusu. Mbao nazo zisiguse sakafu wala ukuta wenye unyevu. Sisi tumeweka matofali chini, juu yake mbao ndefu, halafu matofali mengine na mbao ya pili, basi. Zisizidi mbili, na ile ya juu ifungwe ukutani kwa waya na msumari mnene, maana mtoto anayejifunza kusimama atajivuta nayo. Kimo kiwe cha yule mdogo. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alisisitiza kila kitu kiwe pale ambapo mkono wa mtoto unafika, na kwa hilo sina la kuongeza: asichokifikia hatakirudisha.

Juu ya mbao weka mabeseni. Ni mepesi, yanaoshwa, hayana mfuniko wa kubana vidole, na kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, unayapata ya kila rangi. Beseni moja aina moja. Kwa asiyejua kusoma, mkubwa wake achore picha ya kitu na kuibandika mbele. Mabeseni yasijae mpaka juu, kwa sababu mtoto anayetafuta kitu cha chini hulimwaga lote. Ndoo za rangi za ukuta ziacheni kwa mafundi, hata zikiwa zimeoshwa.

Funika mbao zote kwa kipande cha kitenge kikuukuu, kwa ajili ya vumbi. Kuhusu vumbi la mji huu ningependa tulichukulie kwa uzito kuliko tunavyofanya. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake miaka na miaka upande wa kaskazini-magharibi. Mpaka leo kuna sehemu huko ambako miti inakataa kuota. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga. Madini ya kobalti yalikuwa juu sana, watoto wakiwemo. Mtoto anakaa chini, anashika chini, anaweka mkono mdomoni. Kwa hiyo barza ya watoto usiifagie kavu. Ufagio unainua vumbi na kulishusha juu ya mabeseni. Pitisha kitambaa cha maji, suuza, pitisha tena. Vitu vya plastiki vioshwe kwa sabuni kila vinapobadilishwa zamu. Viatu vibaki mlangoni, na mikono inawe kabla ya bukari (ugali) bila kujali nani ana njaa. Kama baba anatoka kwenye kazi ya madini, nguo zake za kazi zisipite barzani kabisa.

Kupanga kila jioni kusigeuke adhabu. Kwetu inafanyika kabla ya chakula, kukiwa bado na mwanga, kwa sababu umeme ukikatika saa hiyo hakuna atakayeona chochote. Wavulana nao wanapanga. Nasema hivyo kwa sababu kambo yao, yaani bibi yao, alipokuja kukaa nasi alikuwa akiwaita wasichana peke yao, na ilinibidi nimwombe kwa heshima, tukiwa wawili jikoni, aniachie hilo. Aliniachia. Akaongeza lake, nami nikalichukua: katikati ya barza pabaki patupu, pasiwekwe kitu, kwa sababu watoto wanataka nafasi ya kuruka.

Linalobaki ni mlango wa kuingilia. Desemba inakuja na Noeli na Bonané, na barza iliyopumua tangu Agosti inaweza kujaa kwa wiki moja. Waambie ndugu mapema, usione haya. Wengi wanafurahi kupunguziwa kuwaza. Omba vinavyokwisha au vinavyochezewa na wote: kalamu za rangi, daftari la kuchorea, kamba ya kuruka, karata. Mjomba wao aliponipigia mwaka jana nilimwambia mpira wa ngozi na pampu yake. Alileta mpira. Pampu tunaazima kwa jirani mpaka sasa, na jirani ameanza kuuliza ninyi mnapanga kununua lini.