Mume Wangu Ananirudishia Sahani

SWALI: Mama, pokea salamu kutoka Kayole. Mandazi yako ya iliki yamenipa sifa mtaani, lakini leo siulizi mapishi ya wageni. Mume wangu ni dereva wa matatu. Mwaka jana alitibiwa saratani ya koo, akapigwa mionzi mara 35 na kuwekewa dawa ya dripu. Daktari alisema uvimbe umeisha, tukashukuru Mungu. Sasa ni miezi minane tangu amalize, na chakula bado hakimpiti. Ugali anasema ni kama unga wa mbao. Chai eti ina ladha ya chuma. Wali unampalia. Siku hizi anachukua sahani anakwenda kula chumbani peke yake, halafu sahani inarudi karibu kama ilivyokwenda. Mama mkwe ameanza kunong'ona kwamba sijui kumlisha mgonjwa. Nimpikie nini? Tena ana gego linamsumbua, Jumamosi anakwenda kuling'oa hapa karibu na steji. Labda likitoka atakula.
– Mama Wawili, Kayole

JIBU: Mama Wawili, umeniuliza chakula, lakini macho yangu yaligota kwenye hilo gego. Sikungoja gazeti lichapishwe. Nilikupigia simu jioni ile ile, nawe ukanijibu, "Lakini mama, ni jino tu." Narudia hapa niliyokuambia, maana najua kuna msomaji mwingine anayesoma huku ameshika shavu.

Taya lililopigwa mionzi si taya lile la zamani. Mionzi inayoua saratani huharibu pia mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa, hasa mfupa wa taya la chini. Mtu mwingine aking'olewa jino, pengo hujaa na kufunga baada ya muda mfupi. La mtu wa mionzi linaweza kukataa kufunga kabisa, mfupa ukabaki wazi, ukaanza kufa. Na hatari hiyo haina tarehe ya kwisha. Hata akifikisha miaka kumi, bado ni mtu wa kumwambia daktari wa meno kabla hajakaa kitini: "Nilipigwa mionzi hapa."

Sisemi akae na maumivu. Nasema asiende kwa mtu asiyejua historia yake. Arudi kliniki ya saratani, aombe muhtasari wa matibabu unaoonyesha kipimo cha mionzi na sehemu iliyopigwa, aupeleke kwenye hospitali kubwa yenye madaktari wa meno waliozoea wagonjwa kama yeye. Hapa Nairobi ipo hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Kenyatta pia wana idara yao. Mara nyingi jino linaweza kutibiwa mzizi likabaki mahali pake. Likiwa lazima litoke, linatolewa kwa mpango, daktari wa meno akiwa amezungumza na yule wa mionzi.

Utaniuliza mpishi ameyajulia wapi haya. Wanaonisoma siku nyingi wanajua nilikuwa na kibanda cha chakula Kariokor. Ambalo sijawahi kuandika ni kwa nini nilikifunga. Mwaka 2016 niliambiwa nina saratani kwenye shina la ulimi. Mpishi, ulimi! Nilipigwa mionzi 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, kichwa kimefungwa mezani kwa barakoa ya plastiki yenye matundu. Barakoa hiyo ninayo mpaka leo. Nimeitundika jikoni, naweka vitunguu ndani. Wageni wakiuliza ni kikapu cha wapi nawaambia ni cha bei ghali.

Nilipomaliza nilipewa karatasi ya kurudi nyumbani, na hakuna aliyenitajia meno. Hospitali siitaji, sina haja ya kugombana. Mwaka wa pili meno yangu manne ya mbele, ya chini, yalikatika kwenye fizi kama chaki, moja nikiwa natafuna ndizi. Ndizi! Ndipo daktari mmoja wa meno aliponieleza kazi ya mate, kitu nilichokuwa nikikitema maisha yangu yote bila kukihesabia thamani. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate huosha meno, hupunguza ukali wa asidi, hulainisha tonge, na ndiyo yanayoyeyusha chakula ili ulimi upate kuonja. Tezi za mate ziko mbele ya masikio na chini ya taya, yaani palepale mionzi ilipopita. Kwa hiyo mumeo hakatai ugali wako. Hana cha kuulowesha.

Mwambie mama mkwe hivyo hivyo. Akitaka ushahidi, mpe kipande cha mkate mkavu, umwambie ajipanguse ulimi kwa kitambaa kwanza, kisha ameze bila maji.

Tuje kwenye sufuria. Sahau kwa muda chakula cha kumega kwa vidole. Kanuni yangu ni moja: tonge lazima liwe na mchuzi wake ndani, si pembeni. Wali mkavu una punje zinazotawanyika, nyingine inapotea njia, ndiyo maana unampalia. Mkate unaganda kwenye kaakaa kama gundi. Ugali nausonga kwa maziwa nusu na maji nusu, laini wa kuchoteka kwa kijiko, nauchanganya na mchuzi kwenye bakuli kabla haujafika mezani. Chapati naikata vipande vyembamba nailoweka kwenye mchuzi mpaka ilegee. Mukimo naongeza maziwa na siagi. Bokoboko, ile ngano na nyama iliyopondwa ya Pwani, ni kama ilibuniwa kwa ajili yetu.

Lakini chakula kilichonirudisha mezani ni ndengu. Ziloweke usiku, zichemshe mpaka zipasuke, uzipitishe kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa mwiko ili maganda yabaki juu. Ganda moja la ndengu likinata kwenye koo kavu, utakohoa mpaka jirani agonge mlango. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo, kisiwe kikavu, tia bizari kidogo, ndengu zako, kisha tui zito la nazi. Usitie pilipili, na nyanya iwe kidogo sana, inachoma. Ziache zichemke mpaka ukiinua mwiko zinateremka polepole kama uji mzito. Ukiona zinadondoka kama maji, bado. Mimi hula bakuli hilo likiwa vuguvugu, si moto.

Akipungua uzito, uji wa wimbi kwa maziwa na siagi ya karanga, katikati ya asubuhi na kabla ya kulala. Uji uliochacha, hapana. Ladha ya chuma mbadilishie kijiko: mpe cha mti au cha plastiki. Chakula cha baridi kidogo, kama parachichi lililopondwa na maziwa, mara nyingi hakina ladha hiyo. Ladha yenyewe hurudi kwa vipande. Kwangu chumvi ilitangulia, utamu wa sukari ukachelewa karibu mwaka mzima, na kahawa haijarudi kama zamani. Mate nayo huongezeka kidogo kidogo, ila asiahidiwe kwamba yatakuwa yale ya zamani. Mimi hutembea na chupa ya maji hata kanisani.

Kila baada ya kula asukutue: lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha soda ya kuokea. Si magadi ya githeri, tafadhali, bali ile laini ya mandazi. Jioni apige mswaki laini kwa dawa ya meno yenye floraidi nyingi, madini yanayokaza meno, atakayoandikiwa na daktari, ateme, asisuuze. Uliniambia kwenu ni Nakuru, basi floraidi ya maji unaijua kwa meno ya kahawia ya wenzako wa utotoni. Ndiyo hiyo hiyo, ila kwa mumeo ni ya kupaka na kutema, kila siku, maisha yake yote. Na zile peremende anazofyonza barabarani ili kinywa kisikauke, uliponitajia kwenye simu nilishika kichwa. Sukari kwenye kinywa kisicho na mate ni kumwagia moto mafuta ya taa. Anunue ubani wa kutafuna usio na sukari.

Mwambie pia ajipime taya leo. Vidole vitatu, vikipangwa kimoja juu ya kingine, viingie kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, misuli inaanza kukaza na kila mwezi anaongojea ni hasara. Mimi nilipewa vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Nilivifunga pamoja, nikavisukuma taratibu kati ya meno ya pembeni, nikavishikilia huku nikihesabu. Nilianza na vijiti 11. Baada ya miezi sita vilikuwa 18. Nikiacha wiki mbili, vinarudi 16, nimejaribu. Kwa kuwa gego linamuuma, asisukume kitu mpaka daktari wa meno alione.

Kuhusu kupaliwa sitacheza. Akikohoa kila akinywa maji au chai, au akipata homa na kifua kisichoisha, huenda chakula kinaingia kwenye mapafu, na wengine kinawaingia bila hata kukohoa. Aombe kliniki impeleke kwa mtaalamu wa kumeza. Hao wapo, ila mara nyingi ni mpaka uwaulize. Kwa sasa akae wima, ameze kidogo, ameze mara ya pili kabla ya kuongeza. Nanyi msimwulize maswali tonge likiwa mdomoni.

Nikupe na la kula chumbani. Ulipompa simu, alinyamaza kwanza, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mama, naona haya watoto wanione nikitoa chakula shavuni kwa kidole." Nikamwambia hata mimi hufanya hivyo, tonge hujificha kati ya shavu na fizi na ulimi hauwezi kulifuata. Akacheka kidogo. Sasa fanyeni hivi: mpe bakuli lake nusu saa kabla yenu, ale bila kuangaliwa na bila haraka. Ninyi mkikaa mezani, akae nanyi na kikombe chake cha uji. Ukiona amechovya kijiko kwenye ndengu za mtoto, usiseme kitu.

SWALI: Nilipigwa mionzi ya shingo miaka miwili iliyopita. Siku hizi nasikia baridi hata jua likiwaka, nalala darasani wanafunzi wakiandika insha, na nimenenepa ingawa sili sana. Mwalimu mkuu ananiona mvivu.
– Mwalimu, Umoja

JIBU: Mwalimu, tezi ya thiroidi, inayoendesha kasi ya mwili, iko shingoni, na mionzi huweza kuiacha ikiwa imechoka, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye. Kliniki ijayo usiseme tu "nimechoka," kila mtu Nairobi amechoka. Sema: "Naomba mnipime thiroidi." Ni kipimo cha damu, na watu kama sisi tunapaswa kukirudia kila miezi sita hadi kumi na miwili hata tukijisikia vizuri. Kikionyesha tezi imepungua nguvu, utaandikiwa kidonge cha kumeza kila asubuhi tumbo likiwa tupu, chai ingoje nusu saa au zaidi. Mimi nakimeza tangu 2019. Kabla ya hapo nilikuwa nikivaa sweta mbili mbele ya jiko la makaa.