Kadi za QSL hazirudi: kabla ya kulaumu posta, fungua logi yako

Mkuu, umesema umetuma kadi arobaini za QSL, zile tunazotumiana wapenzi wa redio kuthibitisha mawasiliano ya hewani, kwa stesheni za mbali ndani ya mwaka mmoja na nusu, zimerudi sita tu, na unataka kujua kama posta inazimeza au wenzetu huko hawana adabu. Yote mawili hutokea. Mimi pia niliwahi kuilaumu posta miaka miwili mizima, mpaka siku kadi yangu iliporudi imegongwa muhuri mwekundu: haumo kwenye logi, yaani daftari la mawasiliano la stesheni ile.

Muhuri ule ulinikata maini. Mawasiliano yenyewe nilikuwa nayakumbuka vizuri: bendi ya mita 20, kwa msimbo wa Morse, stesheni ya kisiwani iliyokuwa imezungukwa na watu wanaoita wote kwa pamoja. Niliita karibu saa nzima. Nilipoisikia alama yangu ya wito, yaani jina la stesheni yangu hewani, ikirudishwa, na 559, ripoti ya nilivyosikika, nyuma yake, mkono ulikuwa unatetemeka juu ya kitufe cha Morse. Sasa mtu ananiambia simo?

Nikafungua daftari. Juu ya ukurasa saa zote ziliandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima inayofuata Greenwich, kalamu ya bluu. Katikati wino ulikwisha, nikachukua kalamu nyeusi, na kuanzia hapo, sijui kwa nini, nikawa naandika saa ya ukutani. Mimi niko mashariki ya Greenwich, kwa hiyo dakika chache baada ya usiku wa manane kwangu, kwa UTC bado ni jana. Kadi yangu ilisema tarehe 12, logi ya yule bwana ilisema tarehe 11. Aliyekuwa anashughulikia kadi zake alifungua tarehe 12, akanitafuta, hakuniona, akagonga muhuri. Angefanya nini kingine? Nilihesabu: kwenye ule ukurasa mmoja mistari kumi na moja ilikuwa na wino mweusi, na tisa kati yake nilikwisha kutuma kadi zake.

Ndiyo maana nasema anza na logi. Chukua zile kadi thelathini na nne zisizojibiwa, uzilinganishe na daftari mstari kwa mstari. Tazama tarehe zilizo karibu na usiku wa manane kwanza. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi tuna mtego wetu wa ziada: ukisema moyoni "saa nne usiku" halafu ukaandika 04, umekwisha. Mimi siku hizi nina saa ndogo ya mezani iliyowekwa UTC na haibadilishwi, imebandikwa juu ya redio, na nimeiondoa ile ya ukutani chumbani kabisa.

Jambo la pili ni namna unavyoandika tarehe. Ukiandika 03/04, Mmarekani atasoma Machi 4, wengine watasoma Aprili 3. Mwezi uandikwe kwa herufi au kwa namba za Kirumi, basi. Mengine unayajua: alama ya wito yake, saa, bendi au masafa, aina ya utumaji, ripoti uliyompa. Ukikosea usifute. Chana uandike nyingine. Waamuzi wa DXCC, tuzo ya ARRL (chama cha wanaredio wa Marekani) ya kuwasiliana na maeneo 100 ya dunia, hawakubali kadi iliyobadilishwa taarifa, kwa hiyo kadi yenye wino mweupe juu ya tarehe ni karatasi tu kwa huyo unayemtumia, hata kama umebadilisha kwa nia njema. Ukubwa nao usiuchezee: sentimita 9 kwa 14. Niliwahi kupokea kadi nzuri ajabu, pana kama daftari la shule. Ilifika imekunjwa mara mbili, kwa sababu haikuingia kwenye sanduku ambalo kadi zote nyingine zinaingia.

Sasa njia. Hukusema umezituma kwa njia gani, na hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali lako. Kama ni kupitia ofisi ya kadi ya chama cha wanaredio, mwaka mmoja na nusu si kitu. Kadi yako inakaa chamani mpaka ikusanyike na nyingine za nchi hiyo, zinasafirishwa furushi moja, huko zinachambuliwa kwa herufi za mwanzo za alama ya wito, kisha zinamsubiri mwenyewe. Yeye naye akijibu, jibu linapanda ngazi zilezile kurudi. Miaka miwili ni kawaida, na mimi nina iliyochukua minne. Isitoshe, nchi nyingine hazina ofisi hiyo kabisa, na penye ofisi, mara nyingi anayehudumiwa ni mwanachama. Ukimtumia asiye mwanachama, kadi inaishia kwenye kasha la zisizo na mwenyewe. Soma ukurasa wa mtu kwenye QRZ.com, orodha ya mtandaoni ya alama za wito, kabla hujaandika chochote. Kama ameandika kwamba kadi zipitie kwa meneja wake, yaani mtu anayemjibia kadi, basi zipitie huko, hata kama meneja yuko bara jingine. Stesheni nyingi za visiwani hufanya hivyo kwa sababu aliyekuwa hewani alikaa wiki mbili tu na ameshaondoka.

Ukitaka haraka, tuma moja kwa moja. Hapo ada ya kurudisha ni juu yako, maana aliyefanya mawasiliano elfu kumi hawezi kununua stempu elfu kumi. Weka ndani bahasha ndogo yenye anwani yako kamili, pamoja na nauli. Zamani tulitumia kuponi ya kimataifa ya majibu, ile ya Umoja wa Posta Duniani iliyoanzishwa 1906, ambayo mwenzako anaibadilisha posta kwake apate stempu. Ila nchi kadhaa zimeacha kuiuza, Marekani ikiwemo, na ina tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake, kwa hiyo usiwekeze. Wengi sasa huweka noti za dola, mbili au tatu, zimefungwa ndani ya karatasi nzito zisionekane kwenye mwanga. Na tafadhali, usiandike alama ya wito juu ya bahasha. Wezi wa barua wanajua bahasha ya watu wa redio ina nini ndani. Tatu zangu za mwanzo zilipotea zote, na zote nilikuwa nimezipamba kwa alama yangu ya wito kwa herufi kubwa nyekundu. Fahari ya ugeni.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda zaidi: kuomba kadi mtandaoni, kwa mfano kupitia tovuti ya Club Log. Unaingiza mawasiliano yako, mfumo unatazama logi ya mwenzako hapohapo, unalipia posta, yeye anakutumia kadi bila wewe kutuma yako. Faida kubwa kwa mtu kama mimi ni kwamba unajua papo hapo kama umo au haumo.

Kama shida yako ni tuzo na si karatasi, nenda LoTW, mfumo wa ARRL wa kuthibitisha mawasiliano mtandaoni, upo tangu 2003. Kila mmoja anapandisha logi yake iliyotiwa sahihi kwa cheti cha kidijitali, na mfumo unalinganisha alama za wito, bendi, aina ya utumaji na saa. Saa zikipishana zaidi ya dakika 30, hakuna uthibitisho. Umeona tunarudi palepale? eQSL, tovuti nyingine, inakupa kadi yenye picha kwenye skrini, lakini DXCC haiihesabu. Kwa DXCC unahitaji maeneo 100 kati ya 340 yaliyomo kwenye orodha sasa, na "eneo" si lazima liwe nchi: Alaska na Hawaii zinahesabiwa mbali na Marekani bara. Tangu FT8, utumaji wa kidijitali kwa kompyuta, ije 2017 kuna watu wanafanya mawasiliano mia kwa siku, na wengi wao wameandika wazi kwamba karatasi hawataki. Kama baadhi ya arobaini zako zilikwenda kwa hao, zifute kwenye hesabu.

Karatasi mimi siiachi. Sikatai wanaosema ni ubadhirifu, ila uthibitisho wa LoTW hauna doa la kahawa la mtu. Hussein, mfalme wa Jordan, alikuwa hewani kwa alama ya wito JY1, na kadi zake mpaka leo watu wanaziweka kwenye fremu, ilhali mstari wake kwenye logi ni mstari kama mingine.

Ukipokea ripoti kutoka kwa msikilizaji asiye na leseni, naye mjibu. Hakikisha tu ametaja stesheni uliyokuwa unazungumza nayo, kwa sababu kuna wanaonakili saa na masafa kutoka mtandaoni bila kusikia chochote.

Yule wa kisiwani nilimwandikia upya, kadi safi, tarehe 11, na kikaratasi cha kuomba radhi kuhusu kalamu nyeusi. Baada ya wiki saba bahasha yangu ikarudi. Nyuma ya kadi, chini ya sahihi, meneja alikuwa ameandika kwa mkono: 11, umo. Wino wake ulikuwa mweusi.

Kagua hizo thelathini na nne, halafu andika hapa zilipita njia gani na ngapi ziko karibu na usiku wa manane.