Maswali na Majibu: Corvette, Miaka Yake na Namba Zake

Je, ni kweli kwamba Corvette za kwanza zote zilikuwa nyeupe?

Ni kweli. Corvette ni gari la michezo la Chevrolet, tawi la kampuni ya Marekani ya General Motors; magari yote 300 yaliyoundwa Flint, Michigan, mwaka 1953 yalitoka meupe, na ndani yakiwa mekundu. Anayekuuzia ya mwaka huo yenye rangi nyingine akidai ndiyo ya kiwandani, achana naye.

Kwa nini gari la michezo lilipewa injini ya silinda sita na giaboksi otomatiki ya gia mbili, na lilinusurikaje?

Lilipewa vipuri ambavyo Chevrolet ilikuwa navyo tayari, na wanunuzi wakalitambua hilo upesi. Mwaka 1954 kazi ilihamia St. Louis, yakaundwa magari 3,640, na mengi yakabaki bila kununuliwa. Mwaka uliofuata yaliundwa 700 tu, wakati Ford iliuza zaidi ya 16,000 za Thunderbird, gari lake lililoshindana na hili. Wengi humsifu Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, peke yake kwa umbo zuri la gari hili, nami nasema umbo lisingetosha. Lililoliokoa ni injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyoingia mwaka 1955, ushindani wa Ford ambao wakubwa wa General Motors hawakutaka kuukimbia, na mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyewaandikia wakubwa wake kwamba vijana wapenda mwendo ndio wa kulengwa.

Nimeonyeshwa coupe (yaani yenye paa lisilofunguka) ya 1963 yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika, na muuzaji ananihakikishia kwamba namba zote zinalingana. Nilipie?

Usilipe bado. Anachodai ni kwamba injini ni ile ile ya kiwandani, kwa kuwa namba zake zinaendana na za gari. Nguzo ile ya katikati ya kioo aliitaka Bill Mitchell, aliyemrithi Earl kwenye usanifu; Duntov aliipinga kwa kuwa ilimziba dereva, na mwaka 1964 ikaondolewa. Baadhi ya wenye magari ya 1963 waliikata wenyewe na kuweka kioo kizima, na baadaye bei ilipopanda wakajitokeza watu wa kuirudisha, hata kwenye magari ya 1964. Kwa hiyo kioo peke yake hakithibitishi lolote. Anza na kibati kilichofungwa kwa ribiti chini ya kisanduku cha dashibodi: namba ya coupe ya 1963 huanza na 30837S, na S ni St. Louis. Kisha fungua boneti, utazame sehemu bapa ya bloku (mwili mkuu wa injini) iliyo mbele ya silinda hedi ya kulia, kulia kwa aliyekaa ndani ya gari. Hapo pamegongwa namba ya gari, tarehe ya kuunganishwa injini, na herufi zinazoitambulisha, kwa mfano RF kwa ile ya nguvu za farasi 360. Uso wake unapaswa kuwa na mistari myembamba sambamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani, ikielekea mbele na nyuma. Ukiukuta laini kama kioo, bloku imesagwa. Huenda fundi alisaga kwa ukarabati wa halali, lakini ushahidi umekwisha kufutika na namba unazozisoma ziligongwa baadaye. Tarehe ya kumiminwa kwa bloku, iliyotokeza kwenye chuma chake, nayo lazima itangulie ile ya kuunganishwa injini. Muuzaji anayekataa usiangalie haya amekwisha kukujibu.

Ninatafuta Corvette ya 1983. Nitaipata wapi?

Hutaipata, na swali hili linaletwa mara nyingi mno na watu ambao wangelimaliza kwa dakika chache za kusoma. Ziliundwa 43 za majaribio, hazikuuzwa, na iliyobaki ni moja, katika jumba la makumbusho la Bowling Green, Kentucky. Kadi ya gari ikisema 1983, tazama herufi ya kumi ya namba ya chasi: ikiwa E, hilo ni la modeli ya 1984, ambalo uundaji wake ulianza Januari 1983.

Je, ipo ya zamani yenye usukani wa kulia kutoka kiwandani?

Haipo. Kiwanda kilianza kutoa usukani wa kulia na kizazi cha nane, kile cha 2020 chenye injini nyuma ya viti. Ya zamani yenye usukani huo ilibadilishwa mahali pengine, na kabla hujaipenda, mlete fundi akague kila ungio la usukani na kila sehemu iliyochomelewa.