Kabla ya kununua maikrofoni ya nyimbo za watoto

Umeuliza maikrofoni ipi itafanya nyimbo zako za watoto zisikike vizuri. Mimi ningeanza na chumba. Kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi. Tundika mablanketi mazito nyuma na pembeni mwa mwimbaji, asimame kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, urekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24. Hapo hata maikrofoni ya kawaida itakutosha.

Halafu angalia noti za wimbo ziko juu au chini kiasi gani, yaani wembamba au uzito wa sauti, si ukubwa wake. Watu wazima wengi huimba chini mno, mtoto akashindwa kufuata. Jaribu kubaki kati ya noti ya D iliyo juu tu ya C ya kati (ile C iliyo katikati ya kinanda) na A inayofuata. Watoto wengi hufika bila kupiga kelele. Kila silabi isikike, kwa hiyo ala zikizidi, punguza ala.

Na tafadhali, tumia gitaa au marimba halisi ukiweza. Mzazi ndiye atakayelazimika kuusikia wimbo huo asubuhi hadi usiku, maskini.

Ukitumia melodi ya zamani, hakikisha hakimiliki yake imeisha. Rekodi ya mtu usiiguse bila ruhusa.